Kumwaga oili ya pikipiki: nyumbani, kwa fundi wa kijiweni au gereji ya wakala?

Injini ya pikipiki ya cc 100 hadi 150, iwe Boxer, TVS, Honda au mojawapo ya zile za Kichina zilizoundwa kwa mfano wa Honda CG125, inategemea oili ya takriban lita moja. Lita hiyo ndiyo inayolainisha pistoni, gia na klachi, inabeba joto na inazoa uchafu wote wa ndani. Gari dogo lina lita tatu au nne za kugawana kazi hiyo. Pikipiki haina akiba. Oili ikiwa feki, ikipungua kikombe kizima, au bolti ya chini ikivuja usiku kucha bila mtu kujua, injini huanza kulika mapema kuliko mwenyewe anavyodhani.

Kazi ya kumwaga oili si ngumu, ila inaweza kufanywa vibaya popote: uani kwako, chini ya mwembe wa kijiweni, hata kwenye gereji yenye sakafu ya vigae. Kwa hiyo swali la maana ni hili: wewe, kwa hali yako, ni wapi unaweza kusimamia vizuri kile kinachoingia kwenye injini, namna bolti inavyofungwa, na mahali inapokwenda oili chafu? Hapa tunaziweka njia tatu kwenye mizani moja.

Mizani tunayotumia

Tunaangalia gharama, muda, uhakika wa oili inayoingia, mkono wa kazi (yaani ubora wa kufungua, kusafisha, kukaza na kupima), na oili chafu inakoishia. Mwisho wa kila njia tunasema inamfaa nani.

Watu wengi huanza na gharama. Sisi tunaipa uzito mdogo, kwa sababu tofauti ya pesa ya ufundi kati ya njia hizi ni ndogo ukiilinganisha na bei ya kufungua injini na kununua pistoni, ringi na kuchonga silinda. Vinavyobeba uzito ni oili inayoingia na mkono wa kazi.

Kwanza, yale yasiyobadilika popote uendapo

Pikipiki za gia nyingi huwa na klachi inayoogelea ndani ya oili ileile ya injini. Ndiyo maana chupa inatakiwa iwe na maandishi JASO MA, MA1 au MA2. Hicho ni kiwango cha Wajapani kinachohakikisha kwamba oili haitaifanya klachi iteleze. Oili nyepesi za magari ya petroli, mfano 5W-30, mara nyingi huwekewa dawa za kupunguza msuguano. Kwenye gari zinasaidia. Kwenye pikipiki pleti za klachi zinashindwa kushikana: unavuta mafuta, injini inalia, lakini mwendo hauongezeki, hasa mlimani ukiwa na abiria. Chupa iliyoandikwa JASO MB ni ya skuta za mkanda, ambazo klachi yake ni kavu. Usiiweke kwenye Boxer.

Kuhusu uzito, 20W-50 ndiyo iliyozoeleka kwenye joto letu, lakini vitabu vya baadhi ya mashine mpya vinataka 10W-30 au 10W-40. Fuata kitabu. Kuhusu kiasi, injini nyingi za ukubwa huu hupokea kati ya mililita 800 na lita 1.2, na mara nyingi namba imechongwa kwenye kava la injini karibu na mdomo wa kumiminia. Soma kwa makini: huenda ukakuta namba mbili. Honda CG125, kwa mfano, inataka lita 0.9 unapomwaga tu, na lita 1.1 injini ikiwa imefunguliwa yote. Ukitumia namba ya pili siku ya kumwaga tu, umezidisha.

Na kipindi je? Vitabu vingi vinaruhusu kilomita 3,000 au zaidi baada ya servisi ya kwanza, ambayo huwa kwenye kilomita 500 hadi 750 au 1,000 kutegemea kampuni. Kwa bodaboda anayebeba mishikaki na magunia, kwenye foleni, vumbi na jua, kilomita 1,500 hadi 2,000 ni kipimo salama. Mwenye kutembea kidogo asisubiri kilomita zitimie: oili inazeeka hata ikikaa, kwa hiyo amwage angalau mara moja kwa mwaka.

Njia ya kwanza: kujifanyia nyumbani

*Gharama.* Unahitaji ringi spana au soketi inayokaa sawasawa kwenye bolti ya kumwagia (mara nyingi namba 17, lakini pima yako), beseni pana la kama lita tatu, faneli, kitambaa safi kisichotoa nyuzi, glavu za mpira, kidumu cha lita tano chenye kifuniko, na washa (pete bapa ya kuzibia) mpya ya bolti. Spana inayorekebishwa, ile ya kukaza na kulegeza mdomo, iache kabisa. Ndiyo inayolainisha kona za bolti mpaka ishindwe kufunguka.

Hesabu yake ni hivi. Dereva anayetembea kilomita 100 kwa siku hufikisha 2,000 ndani ya siku 20. Akifanya kazi siku 300 kwa mwaka, anamwaga oili mara 15. Tuseme fundi anachukua shilingi 2,000 kila mara: ni 30,000 kwa mwaka, pesa inayoweza kununua vifaa vyote hivyo ikabaki akiba kwa miaka ijayo. Lakini mtu anayekwenda nayo kazini tu, kilomita 20 kwa siku, humwaga mara tatu au nne kwa mwaka. Yeye faida yake ya pesa ni ndogo na asijifanyie kwa sababu hiyo peke yake.

*Muda.* Mara ya kwanza tenga saa nzima. Ukishazoea ni nusu saa, na sehemu kubwa ni kusubiri oili ichuruzike.

*Oili inayoingia.* Hapa nyumbani hakuna mpinzani. Umeichagua dukani, umekagua mfuniko, umeivunja sili kwa mkono wako na kuona rangi yake ikitoka. Ukimaliza, toboa chupa au ikate katikati kabla ya kuitupa. Oili feki iliyopo sokoni inahitaji chupa halisi. Chupa nzima unayoitupa leo inaweza kurudi dukani ikiwa na oili iliyotumika na kuchujwa.

*Mkono wa kazi.* Hapa ndipo nyumbani panapomjenga au kumbomoa mtu, kwa hiyo tunakwenda hatua kwa hatua.

Washa injini dakika tatu hadi tano, kisha izime. Oili ya vuguvugu inatoka na uchafu. Ya baridi inauacha chini. Usifanye hivyo ukiwa umetoka safari ndefu muda huohuo, kwani oili inaweza kukuunguza vidole na eksozi ikakubandua ngozi ya mkono. Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati kwenye sakafu iliyo sawa. Futa vumbi kuzunguka mdomo wa juu na bolti ya chini kabla ya kufungua chochote, maana mchanga ukiingia juu hautatoka peke yake.

Fungua kwanza pimio la oili la juu ili hewa iingie, ndipo ulegeze bolti ya chini. Hakikisha ni yenyewe. Kwenye injini za kulala za aina ya Honda Cub, chini upande wa kushoto kuna bolti nyingine ndogo inayoshikilia springi ya kukazia cheni ya taimingi. Ukiifungua hiyo, oili itatoka na springi itatoka pia. Bolti ya kumwagia huwa mahali pa chini kabisa pa injini. Kwenye injini za jamii ya CG na nyingine nyingi, utakuta pia kifuniko kikubwa zaidi chenye springi na chujio la waya nyuma yake. Kitoe taratibu kwa sababu springi inasukuma. Piga picha ya mpangilio kwa simu kabla ya kugusa kitu. Chujio lioshwe kwa petroli kidogo, likaushwe kabisa, lirudi kama lilivyokaa. Oringi (pete ya mpira) ya kifuniko ikiwa imekuwa bapa au imepasuka, nunua nyingine. Oringi mbovu haizibwi kwa kukaza zaidi. Mashine nyingine zina filta ya karatasi ndani ya kava dogo lenye bolti mbili au tatu. Hiyo haioshwi, inabadilishwa, na mshale au tundu lake lielekee kulekule lilikokuwa.

Acha oili itoke dakika kumi, ukiilaza pikipiki kidogo kushoto na kulia mwishoni. Futa bolti, weka washa mpya, anza kuzungusha kwa vidole. Ikizunguka mizunguko mitatu au minne bila ubishi, uzi umekaa. Ikigoma tangu mwanzo, usiilazimishe kwa spana: imeingia upande. Kisha kaza. Kwenye injini nyingi ndogo, nguvu inayotakiwa ni Nm (newtonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 20 hadi 30. Kwa spana fupi ni hivi: bolti ikigusa washa unahisi imesimama, halafu unaongeza kama robo mzunguko kwa nguvu ya kiganja, si ya bega. Kizimba cha injini ni aluminiamu na bolti ni chuma. Wakishindana, anayeumia ni kizimba. Uzi ukishavuliwa, dawa yake ni kutoboa na kuingiza uzi wa chuma, kazi ya fundi mchongaji, na siku hiyo pikipiki haitembei.

Mimina kwa faneli, ukiacha kidogo kwenye chupa. Injini ya lita 0.9 haitaki chupa nzima ya lita moja, ingawa wengi huimalizia wakidhani wanaipendelea. Oili ikizidi, shinikizo hupanda, sili huanza kutoa jasho la oili, na ziada hupitia kwenye bomba la kupumulia mpaka kwenye boksi la ea klina. Washa dakika moja au mbili, zima, subiri dakika tatu, kisha pima pikipiki ikiwa imesimama wima. Kwenye mashine nyingi pimio linafutwa, linaingizwa bila kufungwa kwa kuzungusha, na kutolewa; kitabu kikisema lifungwe, fuata kitabu. Oili iwe kati ya alama mbili. Zenye kidirisha cha kioo unatazama tu, lakini nazo zinataka kusimama wima. Ukipima ikiwa imelalia stendi ya pembeni unajidanganya.

Makosa yanayoua injini nyumbani ni mawili: kuwasha kabla ya kumimina oili mpya, kwa kuwa mtu aliitwa akaenda kupokea simu, na kusahau kukaza bolti iliyoishia vidoleni. Kinga yake ni kutundika kitambaa kwenye swichi ya ufunguo mpaka oili mpya iwe ndani na bolti imekazwa kwa spana. Asubuhi yake, kabla ya kuitoa, tazama chini ya injini. Tone moja linatosha kukuambia.

*Oili chafu.* Mzigo wote ni wako. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, linaonya kwamba oili ya kumwaga mara moja inaweza kuharibu galoni milioni moja za maji safi. Kwa hiyo isimwagwe chooni, mferejini, wala kwenye ua ili kuzuia vumbi. Ikusanye kwenye kidumu chenye kifuniko, iandike, iweke mbali na watoto, na kidumu kikijaa ipeleke kwenye gereji au kituo cha mafuta kinachokusanya oili chafu. Tanzania na Kenya zinaihesabu kama taka hatarishi, na mamlaka zao za mazingira, NEMC ya Tanzania na NEMA ya Kenya, ndizo zinazoisimamia. Kuwapaka mbwa wenye ukurutu oili hiyo, kama wengine wanavyofanya, ni kuwapa sumu: wanairamba.

Lakini mzigo huo unakuja na zawadi ambayo njia nyingine hazikupi kirahisi. Mimina oili iliyotoka ndani ya chupa tupu yenye mistari ya vipimo. Uliweka mililita 900 na zimetoka 650? Injini inakula oili kupitia ringi au sili za valvu, au kuna mahali panavuja. Zimetoka nyingi kuliko ulizoweka na zinanuka petroli? Kabureta inavujisha mafuta kuingia kwenye injini. Rangi nyeusi ni ya kawaida. Rangi ya chai ya maziwa ina maana maji yameingia. Vumbi laini linalong'aa kwenye injini mpya si la kutisha. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole ni sababu ya kumwita fundi kabla ya kuwasha tena.

*Inamfaa nani.* Mwenye sakafu tambarare, mahali pa kufungia kidumu, na utulivu wa kufuata hatua bila kuruka. Hasa anayemwaga mara nyingi, au aliye mbali na mji. Haimfai mpangaji wa chumba kimoja asiye na uwanja, wala mtu ambaye hajawahi kushika spana na pikipiki yake bado ina dhamana.

Njia ya pili: fundi wa kijiweni

*Gharama.* Ufundi wake ni pesa ndogo, na mara nyingi ukinunua oili kwake kazi ni bure. Angalia tu kwamba "bure" haijafichwa kwenye bei ya chupa.

*Muda.* Hakuna anayemshinda. Dakika kumi na tano na umerudi barabarani, bila miadi. Kwa dereva mwenye hesabu ya kumpelekea mmiliki jioni, hili si jambo dogo.

*Oili inayoingia.* Inategemea uaminifu wake na wa duka la spea anakonunua. Hatari kubwa zaidi ni oili ya kupima inayochotwa kwenye pipa au ndoo: huoni jina, huoni JASO, hujui pipa limekaa wazi kwa muda gani. Ukienda na chupa yako yenye sili, tatizo lote limekwisha. Sema kwa heshima: "Fundi, oili nimekuja nayo, naomba tuifungue hapa pamoja." Fundi mzuri hatachukia, amezoea.

*Mkono wa kazi.* Fundi aliyefungua injini za aina yako mamia ya mara anajua vitu ambavyo kitabu hakisemi. Anasikiliza mlio wa valvu wakati injini inapashwa moto, anaona cheni imelegea, breki imeisha, sili ya fimbo ya gia inaanza kutoa jasho. Hata chujio la kuzunguka lililo mwisho wa krenki kwenye injini nyingi za Kihonda, ambalo kulifikia ni lazima kutoa kava la klachi, yeye atalisafisha bila wasiwasi. Nyumbani hilo tunalishauri liachwe.

Udhaifu wake unatoka kwenye haraka na mazoea. Washa ya zamani inarudishwa, kisha bolti inakazwa kupita kiasi ili kufidia. Oili haipewi muda wa kuisha, inatoka dakika mbili na bolti inarudi. Chupa nzima inamiminwa bila kupima. Upepo unapeperusha mchanga mdomo wa injini ukiwa wazi. Na wapo wanaosuuza injini kwa dizeli au petroli kabla ya kuweka oili mpya. Wanaitoa, lakini si yote. Inayobaki kwenye pembe za kizimba inachanganyika na oili mpya na kuifanya nyepesi, na petroli inaosha oili iliyokuwa imeshika ukuta wa silinda. Kataa kabisa. Injini chafu sana inasaidiwa kwa kumwaga mara mbili ndani ya kilomita chache, yaani oili nzuri, kilomita 300 au 500, kisha oili nzuri tena.

Simama karibu, uliza atakachogusa, na mwishoni mwombe akuonyeshe pimio. Hizo dakika tatu za kusimama zinabadilisha kazi yote.

*Oili chafu.* Vijiwe vingine vina pipa, na oili inauzwa kwa wanaopaka mbao na nguzo kuzuia mchwa. Vingine vinaimwaga ardhini pale pale. Utakijua kijiwe cha namna hiyo kwa udongo mweusi unaoteleza chini ya miguu. Kama kuna hiari ya kuchagua, chagua chenye pipa.

*Inamfaa nani.* Dereva mwenye haraka, mwenye fundi wa kudumu anayeijua mashine yake, na yule ambaye pikipiki ina umri na inahitaji jicho zaidi ya oili.

Njia ya tatu: gereji ya wakala wa kampuni

*Gharama.* Ndiyo ya juu kwa kawaida. Unalipia oili iliyoidhinishwa, spea halisi na kazi, na mara nyingine unapendekezewa marekebisho mengine. Omba bei ya kumwaga oili peke yake na bei ya servisi kamili kabla ya kukabidhi ufunguo. Pikipiki mpya huwa na kuponi za servisi za mwanzo ambazo kazi yake hailipiwi. Wengi hawazitumii kwa sababu ziko ndani ya kitabu ambacho hawajawahi kukifungua.

*Muda.* Ni wa kupanga. Kuna foleni, na mawakala wengi wako mijini. Mtu wa wilayani anaweza kupoteza siku nzima na petroli ya kwenda na kurudi.

*Oili inayoingia.* Uhakika ni mkubwa, kwa uzito na kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu. Hata hivyo omba kuiona.

*Mkono wa kazi.* Faida ya gereji nzuri ni vipimo. Ina spana ya kupimia nguvu ya kukaza, ina washa na oringi za namba sahihi, na ina ratiba inayomkumbusha fundi kupima nafasi za valvu, ea klina na plagi kwa kilomita zinazotakiwa. Kwa injini za sindano za mafuta (zisizo na kabureta), ina mashine ya kusoma hitilafu ambayo kijiweni haipatikani kila mahali. Udhaifu wake ni kwamba mara nyingi huruhusiwi kusimama karibu, na siku ya foleni fundi mwanafunzi anaweza kupewa kazi inayoonekana rahisi kama hii. Ukirudishiwa pikipiki, pima oili mwenyewe pale pale na uchungulie chini kabla ya kusaini.

*Oili chafu.* Kwa kawaida ndiyo njia safi zaidi. Inakusanywa kwenye mapipa na kuchukuliwa.

*Inamfaa nani.* Mwenye pikipiki iliyo ndani ya dhamana, mwenye mashine ya sindano ya mafuta, na mwenye kutaka kumbukumbu za servisi zilizogongwa mhuri, ambazo mnunuzi wa baadaye huziamini.

Kwa hali yako

Pikipiki ikiwa mpya, soma masharti ya dhamana. Kama yanadai servisi kwa wakala, nenda kwa wakala mpaka muda uishe, na tunza risiti. Servisi ile ya kwanza ya kilomita 500 hadi 1,000 usiiruke hata kama injini inalia vizuri, kwa sababu ndiyo inayotoa vumbi la chuma la vyuma vinavyozoeana.

Bodaboda wa kila siku ambaye dhamana imekwisha anaweza kuchanganya njia: oili amwage nyumbani au kwa fundi akiwa na chupa yake, na kila baada ya mara nne au tano amwachie fundi au gereji kazi pana ya valvu na ukaguzi. Chujio la kuzunguka nalo liingie kwenye ratiba hiyo; baadhi ya vitabu vya Honda huagiza lisafishwe kila kilomita 12,000. Andika kilomita za siku ya kumwaga kwa kalamu ya wino mzito kwenye plasta, uibandike chini ya siti.

Pikipiki ikiwa ya hesabu, mmiliki na dereva wakubaliane mapema nani ananunua oili na nani anamwaga, kwa maandishi. Pengo la hapo ndilo linalozifanya oili za kilomita 5,000 zibaki ndani ya injini za bodaboda. Tajiri mwenye pikipiki tatu au zaidi anapata nafuu kubwa akinunua oili kwa katoni kwenye duka analoliamini na kuzimwagia mahali pamoja, siku moja, na mtu mmoja anayewajibika.

Mpangaji asiye na uwanja aende kwa fundi na chupa yake. Wa kijijini, ambaye fundi mwenye vifaa yuko mbali, ajifunze nyumbani, lakini mara ya kwanza aifanye akiwa na mtu aliyewahi kuifanya, na awe na washa na oringi mbili za ziada ndani ya boksi, maana duka la spea haliko karibu.

Mwenye skuta ya mkanda akumbuke kwamba gia zake za nyuma zina oili ya peke yake, kiasi kidogo, na bolti yake. Ajue ipi ni ipi kabla ya kushika spana. Asipojua, huyo ni wa fundi au wa wakala.

Na pikipiki iliyozama kwenye maji ya mafuriko mpaka juu ya injini isiwashwe kabisa, hata kwa kujaribu. Isukumwe au ibebwe hadi kwa fundi, plagi itolewe, maji yatoke, oili imwagwe yote na chujio lisafishwe, iwekwe oili mpya, iendeshwe kidogo, na imwagwe tena na tena mpaka oili iache kuwa na rangi ya maziwa.